Augustino, profesa aliyeacha kiti chake



Dominika ya leo nazungumza hasa na wewe ambaye umekaa miaka mingi mbele ya ubao. Pengine ni mwalimu wa sekondari, pengine ni mhadhiri wa chuo kikuu. Umesahihisha mitihani hadi macho yamechoka, vyeti vyako viko ukutani, na mtaani watu wamesahau jina ulilobatizwa, wanakuita mwalimu tu. Lakini kwa muda sasa moyo hautulii. Unawaza kuiacha kazi hiyo na kushika nyingine, na papo hapo unaogopa. Wazazi waliouza ng'ombe ili usome watasema nini? Wenzako kazini watasema nini? Na miaka yote hiyo ya kusoma na kufundisha, itakuwa imepotea bure?

Na kama wewe si mwalimu, huenda mume wako, mke wako au mtoto wako yuko katika hali hiyo. Kaa nasi.

Kanisa lina rafiki wa watu wa namna hii, naye ni Mtakatifu Augustino wa Hippo. Tunamkumbuka kila tarehe 28 Agosti, siku moja baada ya mama yake, Mtakatifu Monika. Maaskofu wetu wamekipa jina lake chuo kikuu cha Kanisa kule Mwanza. Wengi tunamjua kama mtoto wa machozi ya Monika, kijana aliyepotea akapatikana. Hilo ni kweli. Ila mara chache tunakumbuka kwamba siku alipoongoka alikuwa mtu mwenye ajira. Alikuwa profesa mwenye umri wa miaka 31, analipwa mshahara wa umma, na alikuwa amefundisha yapata miaka 12. Kuongoka kwake kulimgharimu kazi.

Tuanze mwanzo. Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Alikuwa Mwafrika wa kaskazini. Baba yake, Patricius, alikuwa na kashamba na nafasi katika baraza la mji, lakini hakuwa tajiri. Waliona mtoto ana akili, wakampeleka shule katika mji jirani wa Madauros. Alipofika miaka 16 fedha zikaisha. Akarudi nyumbani akakaa mwaka mzima bila shule, akizurura na wenzake. Ndio mwaka ule walioiba mapeari usiku, na wala hawakuwa na njaa. Kisha tajiri mmoja wa mji wao, Romanianus, akatoa msaada, na kijana akaenda Karthago, mji mkubwa karibu na Tunis ya leo.

Hali hii unaifahamu, msomaji. Baba anajinyima, mfadhili anatoa, na mtoto anaondoka nyumbani akiwa amebeba matumaini ya ukoo mzima. Anayesoma hivyo hajisomei peke yake. Ndiyo maana baadaye kuacha kunakuwa kugumu.

Huko Karthago alisomea balagha, yaani sanaa ya kusema mbele ya watu na kuwashawishi. Kwa wakati ule hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kupata uwakili, ukuu wa serikali na fedha. Akawa wa kwanza darasani. Katika mwaka wake wa 19 akasoma kitabu cha Cicero kilichomhimiza aipende hekima kwa ajili ya hekima yenyewe, na moyo wake ukawaka. Lakini hekima haikuwa na mshahara. Akaendelea na balagha, akaanza kuishi na mwanamke bila ndoa, akapata naye mtoto wa kiume, Adeodatus. Akajiunga pia na Wamanikei, akakaa nao miaka 9 hivi.

Alianza kufundisha nyumbani Thagaste. Rafiki yake wa karibu akafa, na mji ukawa mchungu kwake. Akarudi Karthago kufundisha. Huko wanafunzi walikuwa wakorofi, wanavamia darasa lisilo lao na kuvuruga masomo. Mwaka 383 akaamua kwenda Roma. Mama yake hakutaka aende, basi akamdanganya, akapanda meli usiku na kumwacha Monika pwani akisali na kulia. Roma wanafunzi walikuwa na adabu, lakini walikuwa na mchezo mwingine: ikikaribia siku ya kulipa ada, wanahamia kwa mwalimu mwingine. Walimu wa shule binafsi mnaosoma haya, naona mnatabasamu.

Mwaka 384 ikatokea nafasi kubwa. Mji wa Milano, alikokaa kaisari na watumishi wake, ulihitaji profesa wa balagha, ukamwomba mkuu wa mji wa Roma, Symmachus, awatafutie mtu. Augustino akatoa hotuba ya majaribio, akafaulu, akasafirishwa kwa gharama ya serikali. Hebu fikiria: mtoto wa Thagaste, aliyekaa mwaka mzima nyumbani kwa kukosa ada, sasa anafundisha mbele ya ikulu. Alikuwa anapiga hesabu kwamba hatua inayofuata inaweza kuwa ugavana wa mkoa.

Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwafundisha vijana. Ya pili ilikuwa kusimama siku za sherehe na kuwasifu wakubwa hadharani. Kaisari aliyekuwa Milano, Valentinian wa Pili, alikuwa mvulana wa miaka 13 hivi. Siku moja Augustino alikuwa anajiandaa kumsifu kaisari kwa maneno ambayo yeye mwenyewe alijua ni ya uongo, na wasikilizaji nao wangejua ni ya uongo, na bado wangepiga makofi. Akipita barabarani, amejaa wasiwasi, akamwona ombaomba mmoja amelewa, anacheka na kutania. Ikamchoma. Yule kwa vijisenti vya kuomba alikuwa amepata furaha ya siku moja, japo ya pombe. Yeye kwa miaka yote ya kusoma hakuwa amepata hata hiyo.

Tafadhali angalia jambo hili. Augustino hakuanza kuichoka kazi yake aliposhindwa. Alipokuwa anashindwa, Karthago na Roma, alitafuta tu shule nyingine. Aliichoka alipofika kileleni akatazama huku na huku. Kwa hiyo ukitaka kujua kama moyo wako unaitwa au umechoka tu, jiulize hivi: je, kama kesho nikipewa cheo ninachokililia, mshahara ukaongezwa, na mkuu wa idara mgumu akahamishwa, hali hii ya ndani itaondoka? Ikiwa itaondoka, huenda unahitaji likizo na haki yako. Ikiwa haitaondoka, endelea kusikiliza.

Kabla ya kufika kwenye uamuzi wake, tusiruke jambo la aibu. Ili apande cheo, Augustino alihitaji ndoa ya heshima na mke mwenye mali. Mchumba akapatikana, binti mdogo ambaye ilibidi asubiriwe miaka miwili. Na yule mwanamke aliyeishi naye miaka mingi kwa uaminifu, mama wa mtoto wake, akarudishwa Afrika. Alimwacha mtoto kwa baba yake, akaapa kwamba hatamjua mwanamume mwingine. Jina lake hatulijui, kwa sababu Augustino hakuliandika. Anakiri kwamba moyo wake ulichanika ukatoka damu, lakini hakumzuia asiende. Na kwa kuwa hakuweza kuvumilia miaka miwili, akachukua mwanamke mwingine. Ndugu yangu, kupanda cheo kuna watu wanaokulipia gharama, na mara nyingi hawakuulizwa. Na kuacha kazi kuna watu wanaokulipia gharama vilevile. Ukikaa kupiga hesabu, waweke na hao ndani ya hesabu.

Wakati huo alikuwa anakwenda kanisani kumsikiliza Askofu Ambrosi. Alikwenda kama mtaalamu anayekwenda kupima namna mtaalamu mwenzake anavyosema. Lakini masikio yaliyofunguliwa kwa ajili ya ufasaha yakapitisha na ujumbe. Kidogo kidogo akaona kwamba imani ya mama yake haikuwa ya kitoto kama alivyodhani.

Mungu akamletea visa viwili, na vyote viwili ni vya watu walioacha kazi. Padre mzee Simplicianus akamsimulia habari za Marius Victorinus, Mwafrika kama yeye na profesa wa balagha kama yeye, aliyejulikana sana Roma hadi akajengewa sanamu. Uzeeni aliikiri imani ya Kikristo mbele ya watu wote, na Kaisari Juliani alipowazuia Wakristo kufundisha, Victorinus aliachana na shule kuliko kuachana na Kristo. Kisha mtumishi wa ikulu, Ponticianus, naye mtu wa Afrika, akamweleza juu ya Mtakatifu Antoni wa Misri, na juu ya maofisa wawili wa serikali kule Trier ambao walisoma maisha ya Antoni na siku hiyohiyo wakaacha utumishi wa kaisari.

Hiyo ilikuwa Agosti 386. Augustino alitoka akaenda bustanini na rafiki yake Alypius, mwanasheria, mtoto wa Thagaste mwenzake. Akalia. Akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikimhimiza achukue asome. Akafungua barua ya Mtakatifu Paulo kwa Warumi, akasoma mistari michache inayomtaka mtu aache ulevi na uasherati na kumvaa Kristo. Giza likaondoka.

Hapa tunafika kwenye sehemu ambayo wahubiri huwa tunaipita haraka. Kesho yake profesa aliyeongoka alifanya nini? Je, alibamiza mlango wa darasa? Hapana. Likizo ya mavuno ya zabibu ilikuwa imebaki siku kama 20. Akaamua azimalize. Hakutaka kuondoka kwa kishindo, watu wasije wakasema anajitafutia sifa. Alikuwa pia na maumivu ya kifua, anapumua kwa shida, na sauti ilikuwa inamtoka kwa taabu. Basi ugonjwa ulikuwa sababu ya kweli ambayo wazazi wa wanafunzi wangeielewa, ingawa sababu kuu ilikuwa nyingine. Akavumilia siku zile, na anakiri kwamba zilikuwa ndefu. Likizo ilipofika akaondoka kimya kimya. Baadaye akawaandikia watu wa Milano watafute mwalimu mwingine kwa ajili ya watoto wao.

Walimu, mnajua maana ya kumaliza muhula. Mtoto aliyeko mbele yako hana kosa juu ya wito wako mpya. Anayemwacha katikati ya silabasi kwa kisingizio kwamba Mungu amemwita, ajiulize ni Mungu yupi huyo.

Rafiki yake Verecundus, mwalimu wa sarufi, alimwazima nyumba yake ya shamba mahali paitwapo Cassiciacum. Wakaenda huko: Augustino, mwanawe, Alypius, ndugu wachache na vijana wawili wanafunzi. Monika aliwatunza wote, na katika majadiliano yao aliwashinda wasomi mara kadhaa. Walisali, walisoma, waliandika. Augustino akamwandikia Ambrosi kumwomba ushauri asome nini kujiandaa na ubatizo. Ambrosi akamwambia asome nabii Isaya. Profesa wa Milano akafungua Isaya, akasoma mwanzo wake, hakuelewa kitu, akakiweka pembeni. Aliyekuwa mwalimu wa wengine amerudi darasa la kwanza! Anayebadili kazi na asiyekubali kuwa mwanafunzi tena, hatafika mbali.

Nisimsahau Verecundus mwenyewe. Yeye alikuwa na mke, akadhani kwamba kwa sababu hiyo hawezi kuishi Ukristo kama rafiki zake. Augustino alimsihi awe Mkristo palepale alipo, katika ndoa yake. Verecundus alikuja kubatizwa wakati wa ugonjwa, akafariki akiwa muumini. Nasema hili kwa ajili yako ambaye, baada ya kuwaza na kusali, unaona wajibu wako ni kubaki. Kufundisha ni kazi takatifu. Augustino hakuacha ualimu kwa kuwa ualimu ni mbaya. Aliacha kuuza maneno ya uongo, akaacha kutafuta ukubwa.

Katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosi aliwabatiza Augustino, Adeodatus na Alypius. Mwaka huohuo, wakiwa Ostia wakisubiri meli ya kurudi Afrika, Monika akafariki. Mwaka 388 Augustino akafika Thagaste. Akauza mali ya urithi, akaishi na wenzake maisha ya sala na vitabu. Adeodatus, kijana mwenye akili iliyomtisha hata baba yake, akafa akiwa na miaka 16 au 17 hivi. Katika miaka michache mtu huyu alikuwa ameacha mshahara, amemzika mama na amemzika mwana.

Lakini angalau alikuwa amepata alichokitaka: utulivu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ramani yake ya maisha mapya. Aliilinda kwa bidii. Alikuwa hakanyagi mji usio na askofu, kwa kuwa alijua waumini wanaweza kumkamata na kumfanya askofu wao.

Mwaka 391 alikwenda Hippo, leo Annaba nchini Algeria, kumwona mtu aliyetaka kuishi maisha kama yake. Hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa Hippo ilikuwa na askofu, mzee Valerius. Lakini Valerius alikuwa Mgiriki ambaye Kilatini kilimpa shida, na siku hiyo aliwaeleza waumini kwamba anahitaji padre wa kumsaidia. Watu wakamwona Augustino, wakamshika, wakamsukuma hadi mbele. Akapewa upadre huku analia. Wapo waliodhani analia kwa sababu amepewa upadre tu badala ya uaskofu, wakamfariji kwa hilo. Kumbe alikuwa anaona ramani yake inachanwa.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, lilipo funzo kubwa la maisha haya. Augustino alibadili kazi mara mbili. Mara ya kwanza alichagua mwenyewe: aliacha kiti cha Milano ili apate utulivu. Mara ya pili hakuchagua. Na hii ya pili ndiyo iliyomfanya awe Augustino tunayemjua. Kama Mungu angemwachia mpango wake, tungekuwa na msomi mmoja mzuri aliyejifungia na vitabu vyake.

Alifanya nini? Alimwandikia Valerius akaomba muda wa kujifunza Maandiko Matakatifu kwanza. Kisha akaanza kazi. Valerius alimruhusu kuhubiri hata yeye askofu akiwepo, jambo ambalo halikuwa desturi katika Afrika. Miaka michache baadaye akawekwa kuwa askofu, akatumikia Hippo hadi kufa. Asubuhi nyingi zilikwisha akiamua kesi za watu: mashamba, mirathi, madeni, ugomvi wa majirani. Alilalamika kwamba angependa zaidi kufanya kazi kwa mikono yake na kusali kuliko kusikiliza mashauri hayo. Lakini alikaa akayasikiliza.

Na ile balagha, ilipotea? Hata kidogo. Mahubiri yake yaliyotufikia ni zaidi ya 500. Mtu aliyefundishwa kumpamba kaisari sasa alitafuta maneno ambayo mvuvi wa Hippo angeyaelewa, na alifundisha kwamba ni afadhali wasomi watulaumu kwa sarufi kuliko watu wasituelewe. Shemasi mmoja wa Karthago, Deogratias, alimlalamikia kwamba akifundisha katekesi anachosha watu. Augustino akamwandikia kitabu kizima: jinsi ya kufundisha kwa furaha, jinsi ya kumtambua mtu aliyechoka, na hata kumpa kiti aliyesimama muda mrefu. Ni mwalimu wa miaka mingi tu anayejua mambo hayo. Roma ilipotekwa mwaka 410 na dunia ikatetemeka, elimu yake ya kale ndiyo iliyomwezesha kuandika Mji wa Mungu, vitabu 22, kazi ya zaidi ya miaka 10. Uzeeni alipoorodhesha maandiko yake alihesabu kazi 93.

Alifariki tarehe 28 Agosti 430, akikaribia miaka 76, Wavandali wakiwa wameuzingira mji. Aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda, akazisoma huku analia. Hakuandika wosia, kwa sababu hakuwa na mali ya kurithisha. Aliagiza tu maktaba ya kanisa itunzwe vizuri.

Mpendwa msomaji, sikuambii uandike barua ya kuacha kazi kesho Jumatatu. Watoto wanahitaji ada, na imani haifuti hesabu za mwisho wa mwezi. Nakuambia mambo machache tu. Chunguza kama unakimbia au unaitwa. Kaa na mwenzi wako na mshauri wa kiroho kabla ya kuamua, usimtwishe mwingine mzigo ambao hakuuona ukija. Ukiondoka, maliza muhula. Usiogope kwamba miaka yako imepotea, kwa maana Mungu hukusanya hata makombo. Na ukishaondoka, usimfungie Mungu ndani ya mpango wako mpya, maana huenda utafika mji ambao hukupanga kukaa, na watu wa huko wakakushika mkono.

Jioni ya leo chukua dakika 5 kabla ya kulala. Mwombe Mtakatifu Augustino akuombee moyo unaosikiliza. Na kama yupo mwalimu aliyekufundisha kusoma na bado yu hai, mpigie simu umshukuru.

Nakutakia Dominika njema.